Maandalizi ya mtihani wa Kifaransa (Kidato cha Nne)

Maandalizi ya mtihani wa Kifaransa wa Kidato cha Nne ni kazi ya kumwandaa mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania kwa ajili ya somo la Lugha ya Kifaransa katika mtihani wa taifa unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Kifaransa ni somo la hiari. Shule zinazolifundisha ni chache zikilinganishwa na zile zinazofundisha Kiswahili na Kiingereza, ambayo ni masomo ya lazima.

Makala hii inaeleza historia fupi ya mtihani huo, mambo yanayopimwa, na namna ya kujiandaa. Mifano imetolewa katika mazingira ya wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya, ambayo makao yake makuu ni Tukuyu. Huko wanafunzi wengi hukua wakizungumza Kinyakyusa nyumbani, Kiswahili shuleni na mtaani, kisha hufundishwa kwa Kiingereza katika sekondari. Kwa mwanafunzi huyo Kifaransa ni lugha ya nne. Lugha mbili za kwanza zina msaada mkubwa katika kukijua, ingawa msaada huo mara nyingi hausemwi darasani.

## Historia

Kabla ya uhuru na miaka michache baada yake, wanafunzi wa sekondari wa Tanganyika walifanya mitihani iliyotungwa Cambridge, Uingereza. Mwaka 1968 kazi hiyo ilianza kuhamia kwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa katika baraza hilo mwaka 1971, na NECTA ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1973. Mihtasari ya masomo hutayarishwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET).

Katika mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 Kifaransa kimewekwa pamoja na Kiarabu na Kichina kama lugha za kigeni ambazo mwanafunzi anaweza kuchagua.

## Umuhimu wa somo

Tanzania inapakana na nchi tatu ambazo Kifaransa ni lugha rasmi: Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Visiwa vya Komoro navyo vinatumia Kifaransa. Burundi na Rwanda zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022. Jijini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilifanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa hadi ilipofungwa mwaka 2015. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko Arusha pia, ina Kifaransa miongoni mwa lugha zake.

Kwa mtu wa Rungwe lugha hiyo haiko mbali kama inavyodhaniwa. Barabara inayotoka Kasumulu mpakani mwa Malawi hupita Tukuyu na kuungana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Zambia pale Uyole. Malori yanayopita Mbeya na Tunduma yanaendelea hadi Lubumbashi, ambako barua za forodha na za ofisi huandikwa kwa Kifaransa.

Somo hili lina faida pia katika hesabu ya matokeo. Daraja la mtahiniwa hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Alama A (75–100) ina pointi 1, B (65–74) pointi 2, C (45–64) pointi 3, D (30–44) pointi 4 na F (0–29) pointi 5. Jumla ya 7 hadi 17 ni daraja la kwanza. Kifaransa kilichoandaliwa vizuri kinaweza kuchukua nafasi ya somo lililoharibika.

## Mambo yanayopimwa

Mtihani ni wa maandishi. Muundo wake hutolewa na NECTA katika kijitabu cha fomati, na hubadilika mara kwa mara. Kwa hiyo mwanafunzi anapaswa kusoma fomati ya mwaka wake mwenyewe, asitegemee ya kaka au dada aliyemtangulia. Kwa kawaida maswali hugusa ufahamu wa habari, msamiati, sarufi na utungaji.

Maelekezo ya maswali huandikwa kwa Kifaransa. Mwanafunzi anayejua jibu lakini haelewi agizo hupoteza alama. Maneno yafuatayo yanafaa kujulikana mapema:

* *Répondez aux questions* – jibu maswali
* *Choisissez la bonne réponse* – chagua jibu sahihi
* *Complétez* – jaza nafasi, kamilisha
* *Reliez* au *associez* – oanisha
* *Vrai ou faux* – kweli au si kweli
* *Mettez au passé composé* – weka katika wakati uliopita
* *Mettez au pluriel* – weka katika wingi
* *Remplacez par un pronom* – badilisha kwa kutumia kiwakilishi
* *Rédigez* – andika, tunga

## Sarufi: msaada kutoka lugha za nyumbani

Kwa kuwa Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia sekondari, maelezo ya sarufi ya Kifaransa mara nyingi hupitia Kiingereza. Njia hiyo inafaa kwa msamiati, kwa sababu lugha hizo mbili zina maneno mengi yanayofanana. Katika sarufi, mara nyingi Kiswahili na Kinyakyusa hutoa mwanga zaidi.

### Jinsia na ngeli

Kila nomino ya Kifaransa ni ya kiume au ya kike, hata kama inataja kitu kisicho na uhai: *le livre* (kitabu), *la maison* (nyumba). Kivumishi hufuata nomino yake: *un livre neuf*, *une maison neuve*. Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu katika jambo hili, kwa maana anasema kitabu kipya, gari jipya na mti mpya bila kujiuliza. Aliyezoea ngeli nyingi anakutana na makundi mawili tu.

Tofauti ni kwamba ngeli ya Kiswahili mara nyingi huonekana kwenye mwanzo wa neno (ki-, vi-, m-, mi-), wakati jinsia ya Kifaransa mara nyingi haionekani. Kwa sababu hiyo nomino haipaswi kuandikwa peke yake katika daftari la msamiati. Huandikwa pamoja na *un* au *une*. Miisho fulani husaidia: nomino nyingi za *-tion*, *-ette* na *-ance* ni za kike, nyingi za *-ment*, *-isme* na *-age* ni za kiume. Yapo maneno yanayokwenda kinyume, kama *la plage* (ufuko), *la page* (ukurasa) na *l'image* (picha), ambayo ni ya kike.

### Kiwakilishi kabla ya kitenzi

Katika neno *ninakisoma*, kiambishi *-ki-* kinachosimama badala ya kitabu kimekaa kabla ya mzizi *-soma*. Kifaransa hufanya vivyo hivyo: *Je le lis*. Kiingereza huweka kiwakilishi hicho baada ya kitenzi, na wanafunzi wanaofikiri kwa Kiingereza huandika *\*Je lis le*, ambalo ni kosa. Dawa ni kupitia Kiswahili: *tunamsubiri* ni *nous l'attendons*, *ninawaona* ni *je les vois*.

### Ukanushi

Ukanushi wa Kifaransa una sehemu mbili, moja kabla ya kitenzi na nyingine baada yake: *il ne lit pas*. Kiswahili nacho, katika wakati uliopo, hubadilisha mwanzo na mwisho wa kitenzi: anasoma, hasomi. Anayesahau *ne* au *pas* ni kama anayesema «hasoma» au «asomi».

### Nyakati za vitenzi

Vitenzi vinne hubeba sehemu kubwa ya mtihani: *être* (kuwa), *avoir* (kuwa na), *aller* (kwenda) na *faire* (kufanya). Hivi hujifunzwa kwa moyo katika kila wakati uliomo kwenye muhtasari.

Katika wakati uliopita kuna tofauti kati ya *passé composé* na *imparfait*. Ya kwanza hutaja tendo lililotokea na kukamilika. Ya pili hutaja hali iliyokuwa ikiendelea au mazoea. Kiswahili kinayo tofauti hiyo:

* *Il pleuvait quand nous sommes arrivés à Tukuyu.* – Mvua ilikuwa ikinyesha tulipofika Tukuyu.

Vitenzi vingi hujenga *passé composé* kwa *avoir*. Vichache, vingi vyake vikiwa vya mwendo, hutumia *être*: *aller, venir, arriver, partir, entrer, sortir, monter, descendre, rester, tomber, naître, mourir*. Hapo kitenzi hufuata jinsia na idadi ya mtenda: *il est parti*, *elle est partie*, *elles sont parties*.

### Sharti

Katika sentensi za masharti Kiswahili hakifai kufuatwa neno kwa neno. Tunasema «mvua ingenyesha, tungebaki nyumbani», tukirudia *-nge-* pande zote mbili. Kifaransa hakirudii. Baada ya *si* huja *imparfait*, na upande wa pili ndio huja *conditionnel*: *S'il pleuvait, nous resterions à la maison*. Kuandika *\*s'il pleuvrait* ni kosa la mara kwa mara.

### Vibainishi vya sehemu

Kwa kitu kisichohesabika Kifaransa hutumia *du*, *de la* au *de l'*: *du thé* (chai), *de la farine* (unga), *de l'eau* (maji). Baada ya ukanushi hivi hugeuka kuwa *de*: *Je bois du thé*, lakini *Je ne bois pas de thé*.

## Matamshi na tahajia

Kiswahili kina irabu tano. Kinyakyusa kina saba, na tena hutofautisha irabu fupi na ndefu. Mwanafunzi anayekijua Kinyakyusa tayari ana sikio lililozoea kwamba badiliko dogo la irabu hubadili maana. Sikio hilo linahitajika katika Kifaransa, kwa mfano kutenganisha *rue* (mtaa) na *roue* (gurudumu), au *dessus* (juu) na *dessous* (chini). Irabu ya *rue* hutamkwa kwa kuweka midomo kama kwa *u* na ulimi kama kwa *i*. Zipo pia irabu za puani, kama katika *vin*, *vent* na *vont*.

Herufi nyingi za mwisho hazitamkwi, kwa hiyo tahajia haiwezi kukisiwa kutokana na sauti: *il parle* na *ils parlent* husikika sawa. Alama za juu ya herufi ni sehemu ya neno wala si pambo: *a* (ana) na *à* (katika, kwa), *ou* (au) na *où* (wapi).

## Maneno yanayopotosha

Kufanana kwa Kifaransa na Kiingereza kuna hatari yake. Maneno yafuatayo huwapotosha wanafunzi katika ufahamu:

* *passer un examen* – kufanya mtihani, si kuufaulu. Kufaulu ni *réussir à un examen*.
* *la librairie* – duka la vitabu. Maktaba ni *la bibliothèque*.
* *assister à* – kuhudhuria. Kusaidia ni *aider*.
* *attendre* – kusubiri.
* *rester* – kubaki. Kupumzika ni *se reposer*.
* *la lecture* – usomaji.
* *actuellement* – kwa sasa.

Hesabu nazo zina utata wake. Ufaransa hutumia *soixante-dix* (70) na *quatre-vingt-dix* (90), wakati Kongo, Rwanda na Burundi, kwa athari ya Ubelgiji, hutumia pia *septante* na *nonante*. Inafaa kuzielewa zote, lakini kuandika zile zilizo katika kitabu cha shule.

## Utungaji

Mada za insha na barua hutoka katika maisha ya kawaida: familia, shule, safari, mji au kijiji, ugonjwa, sherehe. Mwanafunzi anayekariri insha kuhusu Paris hukwama anapoulizwa kuhusu kwao. Ni bora kuwa na msamiati wa mahali anapoishi: *la pluie* (mvua), *la montagne* (mlima), *le bananier* (mgomba), *le champ* (shamba), *la rivière* (mto), *le marché* (soko). Mfano wa aya fupi:

> *J'habite à Tukuyu, dans le sud-ouest de la Tanzanie. Il y pleut beaucoup et il fait souvent frais. Mes parents cultivent le thé et les bananes. Le samedi, ma mère va au marché et je l'accompagne. L'année dernière, ma classe a visité le pont naturel de la rivière Kiwira. C'était magnifique.*

Maana yake: Ninaishi Tukuyu, kusini magharibi mwa Tanzania. Huko mvua hunyesha sana na mara nyingi kuna baridi kidogo. Wazazi wangu hulima chai na ndizi. Jumamosi mama huenda sokoni nami humsindikiza. Mwaka jana darasa letu lilitembelea daraja la asili la mto Kiwira. Lilikuwa zuri mno.

Sentensi ni fupi na za kawaida, lakini zinaonyesha wakati uliopo, nyakati mbili zilizopita, kiwakilishi *y* na kiwakilishi *l'* kabla ya kitenzi.

Kwa majina ya nchi kihusishi hutegemea jinsia na idadi: *en Tanzanie, en Zambie*; *au Malawi, au Burundi, au Kenya*; *aux Comores*.

Barua huanza na mahali na tarehe, jina la mwezi likianza kwa herufi ndogo: *Tukuyu, le 5 mai*. Kwa rafiki huandikwa *Cher ami* au *Chère amie*, na *tu* hutumika. Kwa mkuu wa shule au ofisi huandikwa *Monsieur le Directeur* au *Madame la Directrice*, na *vous* hutumika hadi mwisho. Heshima hii ya kutumia wingi kwa mtu mmoja ipo katika Kinyakyusa: rika husalimiwa *ugonile*, mkubwa husalimiwa *mugonile*. Kuchanganya *tu* na *vous* katika barua moja ni kosa linalofanana na kumsalimia mzee kwa umoja.

## Ratiba ya maandalizi

Kifaransa hakijifunzwi kwa kukesha wiki ya mwisho. Dakika 30 kila siku hufaa kuliko saa nne za Jumamosi. Mpangilio unaoweza kufuatwa katika Kidato cha Nne ni huu:

1. Januari hadi Machi: kurudia vitenzi na sarufi ya Kidato cha Kwanza hadi cha Tatu. Kuandika maneno mapya matano kila siku, kila nomino na kibainishi chake.
2. Aprili hadi Juni: kusoma habari fupi na kuzijibu, kuandika insha au barua moja kila wiki na kuiandika upya baada ya kusahihishwa.
3. Julai hadi Septemba: kufanya mitihani iliyopita kwa muda wa saa tatu bila kamusi. Mtihani wa utamilifu (moko) huonyesha sehemu zilizo dhaifu.
4. Wiki za mwisho: kupitia daftari la makosa. Katika daftari hilo kila kosa lililorudiwa huandikwa upande mmoja na usahihi wake upande wa pili.

NECTA huchapisha katika tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Taarifa hizo huonyesha maswali yaliyowashinda wengi pamoja na sampuli za majibu mazuri na mabaya. Zina manufaa kwa mwalimu na kwa mwanafunzi anayejisomea.

## Kujiandaa bila mwalimu wa somo

Mwanafunzi anayehama kutoka shule yenye Kifaransa kwenda shule isiyo nacho hujikuta bila mwalimu. Mzazi anashauriwa kuuliza kabla ya uhamisho kama somo linafundishwa na kama shule itamsajili mtoto kulifanya. Aliyekwisha kumaliza shule anaweza kulifanya akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, kwa kujisajili katika kituo cha mtihani mapema mwaka huo.

Pengo kubwa la anayejisomea ni kusikia lugha. Idhaa ya Radio France Internationale ina taarifa ya habari kwa Kifaransa chepesi, iitwayo *Journal en français facile*, inayopatikana pamoja na maandishi yake katika intaneti. Kituo cha TV5Monde nacho hutoa mazoezi ya bure yaliyopangwa kwa ngazi. Kwa kuwa shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, mwalimu au mzazi anaweza kupakua sauti hizo na kuziweka katika kadi ya kumbukumbu ili zisikilizwe kwa redio ndogo.

Rungwe ni kati ya wilaya zenye mvua nyingi nchini, na baadhi ya maeneo hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Darasa la bati wakati wa mvua halifai kwa imla wala kusikiliza. Saa hizo hutumika kwa kusoma na kuandika, na usikilizaji hupangwa wakati mvua imekatika.

Wanafunzi wawili au watatu wakikutana mara mbili kwa wiki wanaweza kusomeana imla, kusahihishana na kuzungumza. Mmoja asome habari kwa sauti, wengine waandike, kisha walinganishe na kitabu. Mwalimu wa Kiswahili au wa Kiingereza, hata kama hajui Kifaransa, anaweza kusaidia kupanga hoja za insha na kueleza istilahi za sarufi.

## Baada ya mtihani

Anayefaulu anaweza kuendelea na Kifaransa katika Kidato cha Tano na cha Sita katika shule zenye tahasusi ya lugha hiyo, kisha chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni kati ya vyuo vinavyofundisha Kifaransa.

Ipo pia stashahada ya kimataifa ya DELF, iliyoanzishwa na serikali ya Ufaransa mwaka 1985. Ina ngazi nne: A1, A2, B1 na B2. Kila ngazi hupima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza kwa alama 25 kila moja. Kufaulu ni kupata alama 50 kati ya 100, bila kushuka chini ya 5 katika sehemu yoyote. Kwa kuwa DELF hupima mazungumzo pia, mwanafunzi aliyejiandaa kwa maandishi peke yake huhitaji muda wa ziada wa kusikiliza na kusema kabla ya kuifanya.